Taa ya Kuonea Mikono

Mama yangu, Rozina, ana lugha tatu. Kifipa alizaliwa nacho, Kiswahili alikiokota sokoni na kanisani, na ya tatu aliitunga mwenyewe akisaidiana na mdogo wangu Kalista, ambaye hasikii. Hiyo ya tatu inajulikana na watu wawili tu duniani kote, yeye na Kalista. Majirani zetu hapa Chanji, Sumbawanga, wanaiita Kifipa cha mikono. Wanasema kwa utani, lakini mimi sijapata jina bora kuliko hilo.

Naandika habari za mama kwa sababu kwa miezi mingi nimepigania kuiokoa lugha yake hiyo kwa kutumia taa, na nimeshindwa. Sitaki mtu anipe pole kabla hajasikia nilivyoshindwa.

Kalista aliugua homa akiwa na mwaka mmoja na nusu. Ilipomtoka, ilimtoka pamoja na masikio yake. Baba yetu, marehemu Zenon, alimbeba hospitali hii na ile, akampeleka mpaka Kaengesa kuombewa, na mwisho akaambiwa kuna shule za viziwi lakini ziko mikoa ya mbali. Baba akagoma. "Mtoto asiyeweza kusema, akionewa huko nitajuaje?" alisema, na hapo mjadala ukaisha. Kalista akabaki nyumbani na mama, na wale wawili wakaanza kufyatua maneno, leo moja, kesho moja.

Kidole kinachopita juu ya nyusi ni mimi, Zita, kwa sababu ya kovu nililonalo pale. Kushusha usoni kofia isiyokuwepo ni baba. Kujipepea shingo ni Muze, maana waliposhuka bondeni kufuata mchele Kalista alikutana na joto ambalo huku kwetu juu hatulijui. Kidole gumba kikirushwa nyuma ya bega ni zamani. Kikirushwa mara mbili ni zamani sana, enzi za baba. Kwa maneno kama hayo waliusengenya mtaa mzima bila mtu kujua, mama akicheka mpaka kitenge kinamdondoka begani.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa bweni, kisha chuo cha ualimu, kisha kituo cha kazi huko mbali, na niliporudi Sumbawanga kufundisha darasa la nne nilikuta mikono ile imeniacha nyuma kabisa. Ninajua njoo, kula, maji na vingine vichache vya kuendeshea nyumba. Basi. Nafundisha watoto wa watu kusoma, na mdogo wangu wa tumbo moja nikikaa naye tunatazamana kama abiria wasiojuana. Nalisema wazi kwa sababu linaniuma.

Mchana hawaongei sana. Mama huwa kwenye shamba lake la ulezi, na Kalista yuko kwenye cherehani, mikono ina kazi. Maongezi ni jioni, kibarazani, viti viwili vikitazamana na jiko la mkaa katikati, tangu jua likizama mpaka baridi iwafukuze. Hiyo ndiyo saa ya mama. Nimemwona akirudi shambani amechoka hawezi hata kuvua viatu, lakini akishakaa kwenye kile kiti mikono inafufuka.

Mwezi wa tano nilimpeleka kwa daktari wa macho kwa sababu alikuwa anagonga fremu ya mlango. Daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akaniambia mimi badala yake, tabia ninayoichukia. Alisema ni presha ya macho, kwamba mshipa umekufa sehemu kubwa, na kilichokufa hakirudi. Matone yangechelewesha tu kilichobaki. Mama hakulia. Aliuliza swali moja.

"Mikono nitaiona mpaka lini?"

Daktari akadhani anasema mikono yake mwenyewe, akamtazama viganja. Ikabidi nieleze. Daktari akasema kwamba mama akikaa kwenye mwanga mzuri anaweza kuona kwa miezi kadhaa, pengine zaidi. Mimi katika maneno yote hayo nilisikia mwanga mzuri, nikaondoka nao.

Njiani mama akanishika mkono. "Kalista asijue," alisema. "Akijua, ataacha kusema ataanza kuniangalia macho. Huyu ana mimi tu, Zita."

Nikakubali. Ni kosa la kwanza, ingawa siku ile lilionekana huruma.

Kibarazani kwetu kulikuwa na glopu ya zamani ya waya, wati mia, ambayo mama aliipenda kwa sababu ilitoa joto. Ilimeza uniti bila aibu. Mita ilikuwa ikianza kulia katikati ya wiki, na siku umeme ulipotuishia saa moja jioni, mazungumzo yalikatika hapohapo, kiganja cha Kalista kikiwa hewani. Zamani tulicheka, tukaingia kulala. Sasa kila jioni iliyokatika niliona imetoka kwenye akiba ndogo ambayo haikujazwa tena. Nilitaka taa inayokula kidogo na kuonyesha sana, isiyozimika mama akiwa katikati ya neno.

Karibu na soko kuna duka la vifaa vya umeme la bwana mmoja wa Tukuyu, Lwitiko, mcheshi ambaye akikuuzia hata msumari anasema ndaga, asante ya kwao. Nikamwambia nataka taa ya kibarazani, isiyokula umeme. Sikumwambia zaidi. Sikutaka habari za macho ya mama zizunguke sokoni.

"Mwalimu, umekuja penyewe," alisema, akanipa taa ya LED ya wati tisa yenye mwanga wa manjano. "Haivuti wadudu, inatuliza macho. Ukikaa barazani utadhani uko hotelini."

Niliifunga palepale penye glopu, ukutani nyuma ya kiti cha Kalista. Kweli ilipendeza. Majirani waliokuja kuamkia, wakichutama na kupiga makofi taratibu kama wazee wa kwetu wanavyofanya, walisifu. Mama alikaa, Kalista akaanza kueleza habari ya mteja aliyerudisha gauni, mikono ikaruka. Mama akainama mbele, akainama tena, mpaka nikaogopa ataangukia jiko.

"Naona kivuli kinacheza," aliniambia kwa Kifipa, akiendelea kumtabasamia Kalista. "Mikono siioni. Iko myeusi yote."

Nikarudi kwa Lwitiko nikiwa na hasira, kana kwamba ndiye aliyempa mama ugonjwa. Akanipa taa ya sola yenye sensa. Alisema hiyo haigusi uniti hata moja, inajichaji mchana, na ikimwona mtu anasogea inawaka yenyewe kwa nguvu. Asiposogea inazima kutunza betri. Nikaona nimepata dawa. Watu wanaoongea kwa mikono wangeizimaje?

Waliizima kila dakika. Kumbe katika mazungumzo ya mikono kuna kunyamaza kwingi. Kuna kufikiri, kuna kutazamana, kuna kiganja kinachosimama shavuni kwa muda kwa sababu habari ni nzito. Kalista alikuwa anafika mahali patamu, anasimamisha mkono ili mama asubiri, na taa inazima. Basi wote wawili wanapunga mikono juu kama watu wanaofukuza nyuki, taa inarudi, na habari imeshakimbia. Siku ya kwanza tulicheka mpaka machozi. Siku ya nne mama hakucheka.

"Hii taa inanikatiza," alisema. "Naona nusu ya kila kitu, Zita. Na kuona kwenyewe ndio huku."

Nilipoirudisha sola, Lwitiko akaniuliza sasa nataka taa ya kufanyia nini hasa. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama kati ya koili za waya na maboksi ya swichi, nikilia mbele ya wateja. Mwalimu mzima. Yule bwana alifunga boksi alilokuwa amelishika.

"Mwalimu, ungesema tangu mwanzo kwamba ni taa ya kuonea mikono," alisema. "Hiyo ni kazi nyingine kabisa."

Jumapili baada ya ibada alikuja na ngazi na waya. Alimwamkia mama shikamoo, akaomba ruhusa akakaa kwenye kiti chake, akanifanya mimi nishike taa huku na kule wakati Kalista anapunga mikono mbele yake. Aligundua nilichopaswa kugundua mwenyewe: taa ikikaa nyuma ya anayesema, mikono inakufa, inatakiwa itokee mbele, kwa anayetazama. Akasimika nguzo mbili fupi, moja kila upande wa kiti cha mama, na taa mbili nyeupe za wati saba saba, zikimulika kifua na uso wa Kalista. Mimi nikapaka chokaa ukuta wa nyuma ili mikono ionekane juu ya weupe. Taa mbili zile pamoja zilikula umeme mdogo sana, ukilinganisha na glopu ya mama. Jioni ile mama alisoma kila neno. Aliniita nikae nao, akawa ananitafsiria kwa sauti huku anacheka, na mimi nikaenda jikoni kuosha vyombo kwa sababu nilitaka kulia kwa furaha bila kuonekana. Vyombo! Leo ningetoa chochote nirudishiwe jioni ile nikae tu.

Lwitiko alipokuwa anakusanya vifaa vyake aliniuliza kwa upole, "Na wewe mwalimu? Macho yako si mazima? Kwa nini usijifunze wewe?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia anauza taa, asianze kuuza na ushauri. Akasema ndaga, akabeba ngazi yake.

Basi nikaendelea na taa. Kalista, ambaye hakujua lolote, aliamini nimemfungia zile taa ili ashone jioni. Alinikumbatia, akatoa cherehani kibarazani, na kwa wiki nzima alishona chini ya mwanga wa mama, kichwa kimeinama, mikono imebanwa na kitambaa. Mama alikaa kwenye kiti chake anasubiri, anamtazama, hasemi kitu kwa sababu alifurahi kuona mtoto ana bidii. Nilivumilia siku saba. Siku ya nane nilimnyang'anya kitambaa mikononi, nikabeba cherehani mwenyewe nikakirudisha ndani. Kalista alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi bila sababu, na sikuwa na maneno ya kumweleza.

Mwezi wa kumi na moja mvua za kwanza zikaja, na kumbikumbi. Taa nyeupe huwaita, hilo Lwitiko alikuwa amenionya. Walifunika nguzo, wakafunika chokaa, wakaingia kwenye nywele, na watu wakaja na mabeseni kana kwamba kwetu kuna harusi. Kalista alikuwa na raha isiyo kifani. Alikaanga, akawagawia watu, kisha akakaa mbele ya mama kueleza jambo refu lenye Muze ndani yake, na baba ndani yake. Mama alitikisa kichwa kukubali. Kalista akasimama, akauliza tena. Mama akatikisa kichwa tena, akitabasamu. Kalista akanigeukia mimi, kidole kikapita juu ya nyusi zake, jina langu, na uso wake ukauliza kuna nini.

Nilijiambia ni kumbikumbi, wamejaa hewani hakuna anayeona. Nilitaka sana iwe kumbikumbi. Wadudu waliisha baada ya siku tatu, na mama aliendelea kukubali kila kitu.

Shule zilipofungwa nikanunua daftari. Nilikuwa nimelala macho wazi usiku mwingi nikimsikia Lwitiko akiuliza swali lake, na sasa nilitaka kujifunza yote kwa mwezi mmoja, kama mwanafunzi mvivu kabla ya mtihani. Nilikaa pembeni ya mama, Kalista mbele yetu. Kalista akafanya alama, vidole vitatu vikishuka kwenye mkono.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Ipi?" mama akauliza.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Mtu pekee duniani aliyeweza kuniambia mikono ile inasema nini alikuwa haioni tena. Kalista hawezi kunieleza, kwa sababu angenielezea kwa mikono ileile. Hajui kuandika, na hakuna kamusi ya Kifipa cha mikono. Mlango ulikuwa wazi tangu mwezi wa tano, mama ameketi mlangoni anatafsiri kwa sauti kubwa, na mimi nilikuwa juu ya ngazi nashughulika na waya.

Tulibuni njia moja ya kubahatisha. Mimi namtazama Kalista, kisha namweleza mama kwa maneno kile mikono inachofanya, na mama anakisia. "Viganja vimekutana, vimefunguka." "Vimefunguka juu au pembeni?" "Pembeni." "Samaki, huyo." Tulipompata samaki, Kalista alikuwa amemaliza kusema mambo mengine matatu na ananitazama kwa hasira kwa nini naongea na mama wakati yeye anaongea na mama. Kwake mimi nilikuwa mtu anayemziba mama mdomo. Alikuwa anaondoka katikati, anaenda kulala na jua bado lina wekundu.

Nilimsihi mama amwambie. Mama anaweza kusema naye, mikono yake mwenyewe ni mizima. Kinachokwama ni kupokea. Alikataa Krismasi, akakataa mwaka mpya. "Ngoja kidogo," alisema kila mara. Nadhani aliogopa kuitafuta alama ya jambo lile. Katika miaka yote ile hawakuwahi kuihitaji.

Mwezi wa pili, kwa siku nne mfululizo, Kalista hakukaa kwenye kiti chake. Siku ya tano, saa moja na nusu jioni, mvua imetoka kukatika na mawingu bado yamefunika, alitoka ndani akakaa. Alivuta kiti mpaka magoti yao yakagusana. Taa zilimpiga usoni vizuri, kama Lwitiko alivyozipanga. Akaanza.

"Anasema," nilimwambia mama haraka. "Amejigusa kifua. Amekuonyesha wewe. Sasa amefumba ngumi, ameigonga kwenye kiganja. Tena. Tena. Sasa amefungua mikono yote miwili, iko mitupu, ameishikilia hivyo."

Mama akauliza.

"Ngumi ameigonga mara ngapi?"

"Tatu."

"Anauliza amenikosea nini," mama akasema.

Kalista alikuwa ameshikilia viganja vyake vitupu mbele ya mama, macho yamejaa, anasubiri. Nikamwambia, "Mama, mwambie. Mwambie sasa hivi."

Mama akaweka kikombe chini kwa kupapasa. Akainua mkono wa kulia, akagusa jicho moja, akagusa la pili. Kisha akapeleka kiganja juu mbele ya uso wake, akakishusha taratibu, vidole vikijifunga kimoja kimoja mpaka ikawa ngumi. Ilikuwa imeeleweka kabisa kwangu: macho yangu yamezimika. Lakini mkono ule unaoshuka na kujifunga ni mmoja katika ile michache ninayoijua. Hapa nyumbani unatumika kila jioni. Maana yake ni zima taa.

Uso wa Kalista ukafunguka. Mama amemjibu, mama hana hasira naye, mama macho yanamuuma tu kwa mwanga, na ana kazi anamtuma. Alifuta machozi kwa kiganja, akampigapiga mama gotini, akanyanyuka mbio kabla sijamshika kitenge. Nikasikia swichi.

Giza la mawingu likatufunika. Mama hakujua, kwake mwanga na giza vilikuwa vimeshalingana. Aliendelea kueleza, nilisikia mikono yake ikisugua kitenge, ikipanda na kushuka, ikisema yote aliyoyaficha tangu mwezi wa tano. Alieleza kwa muda mrefu, bila haraka, mpaka akamaliza. Kisha mikono ikatulia mapajani.

"Zita," aliniita. "Anasemaje?"

"Sioni, mama," nikamwambia.